Hesabu Mzigo Kabla ya Kumtafuta Mchawi wa Duka

Mfanyabiashara wa duka la rejareja anayeona mtaji ukipungua mwezi hadi mwezi, ilhali wateja wanaingia na kutoka kama kawaida, hakawii kuambiwa na jirani au ndugu kwamba dukani kwake pameingia chuma ulete. Kwa msomaji ambaye hakukulia katika masoko ya Tanzania, hiyo ni imani kwamba mtu anaweza kununua kitu kwa noti iliyofanyiwa dawa, noti ikaingia katika droo ya mauzo pamoja na nyingine, kisha ikamrudia mwenyewe ikiwa imezoa zote ilizozikuta. Imani hii ina kinga zake zinazojulikana. Wapo wanaoweka ndimu au chumvi ya mawe chini ya noti, wapo wasiopokea fedha mkononi bali humtaka mteja aiweke juu ya kaunta, na wapo ambao hawamkopeshi mtu yeyote asubuhi kabla ya kuuza kitu cha kwanza kwa taslimu.

Ninaandika juu ya jambo hili kwa sababu kazi yangu ni kuwasaidia wenye maduka madogo kuweka hesabu, na ninapouliza kwa nini biashara imeanguka, jibu ninalolipata mara nyingi kuliko yote ni mkono wa mtu mwingine: mchawi, jirani mwenye husuda, kijana wa dukani, mume aliyechota mtaji, serikali. Sikusudii kubishana na imani ya mtu juu ya mambo ya ghaibu, kwa kuwa mabishano hayo hayajawahi kumrudishia mtu mtaji wake. Ninachokisisitiza ni utaratibu. Anayesema kwamba fedha zake zinachukuliwa hana budi kujua kwanza zimepungua kiasi gani, tangu lini, na kutoka katika bidhaa ipi. Swali la kwanza ninalomuuliza mwenye duka ni hili: ulianza mwezi huu ukiwa na mzigo wa shilingi ngapi? Wengi hawana jibu, lakini wengi hao hao wana jina la mtuhumiwa. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa yale ninayoyaona madukani ningeongeza kwamba habari inapokosekana watu hawakai kimya, bali huijaza nafasi yake kwa jina la mtu.

Mwenye duka mmoja wa Kihonda, Morogoro, mama wa makamo anayeuza vyakula vikavu, sabuni na mafuta, alinieleza kwamba sukari yake ilikuwa "inaliwa". Nilipomuuliza inaliwa na nani, akanijibu kwa upole, "Mwanangu, wewe hujui tu, biashara ina watu wake." Alikuwa akinunua mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 135,000 katika duka la jumla na kuuza robo kilo kwa shilingi 750, na kwa hesabu ya kichwani alijua kwamba kila mfuko ungempa faida ya shilingi 15,000. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi: kilo 50 ni robo 200, na robo 200 kwa shilingi 750 ni shilingi 150,000. Hata hivyo fedha za kununulia mfuko mwingine zilikuwa zikipatikana kwa shida, na alipowasimulia wenzake walimwambia awe macho na mwanamke fulani aliyekuwa akija kununua robo kila jioni.

Tulichukua vifuko vya sukari alivyokuwa amevifunga usiku uliotangulia, tukavipanga juu ya kaunta na kuvipima kimoja kimoja kwa mizani ya kidijitali. Cha kwanza kilikuwa na gramu 268, cha pili 273, cha tatu 270, na tulipovimaliza vyote hatukupata hata kimoja chenye gramu 250. Sababu ilionekana mara alipofunga kingine mbele yangu. Mizani yake ilikuwa ile yenye mshale, na mshale ulipofika kwenye alama ya robo alisubiri utulie, kisha akaongeza sukari kidogo kwa ncha ya kijiko, kwa mazoea ya miaka mingi, ili mteja asije akasema amepunjwa. Ncha hiyo ya kijiko ilikuwa na gramu 20. Anayefunga robo za gramu 270 hapati robo 200 katika mfuko mmoja, hupata 185. Robo 185 huleta shilingi 138,750. Ukitoa bei ya mfuko zinabaki shilingi 3,750, na ukitoa shilingi 2,000 za bajaji pamoja na 1,500 za vifuko vya kufungia, mfuko mzima wa sukari ulikuwa ukimwachia mama huyu shilingi 250. Mwanamke wa robo ya jioni, ambaye alilipa taslimu kila siku bila kukosa, alikuwa miongoni mwa wateja wake bora.

Mizani ya biashara hupaswa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo, na wenye maduka wengi huuona uhakiki huo kuwa ni usumbufu uliowekwa kwa ajili ya kumlinda mnunuzi peke yake. Ningependa waelewe kwamba kipimo kisichoaminika humpunja pia mwenye duka, na humpunja yeye zaidi, kwa kuwa mteja hupoteza mara moja na kuondoka, ilhali muuzaji hupoteza kila anaposhika kijiko.

Lakini sukari ilikuwa sehemu ndogo tu ya hasara. Mali nyingi zaidi ilikuwa ikipitia mlango unaotoka dukani kuingia nyumbani. Maduka mengi ya mitaani yamejengwa kwenye ukuta wa mbele wa nyumba anamoishi mwenyewe, na mtoto anapotumwa kuchukua nusu kilo ya mchele, kipande cha sabuni au mafuta ya kupima, hakuna anayeandika, kwa sababu hakuna anayehisi kwamba kitu kimetoka. Nyumba inayochukua bidhaa za shilingi 3,000 kwa siku imechukua shilingi 90,000 kwa mwezi. Katika duka ambalo faida yake ni shilingi 10 kwa kila shilingi 100 za mauzo, lazima ziuzwe bidhaa za shilingi 900,000 ili kufidia kiasi hicho peke yake. Simlaumu mama anayewalisha watoto wake kutoka katika duka lake, maana alilifungua kwa kusudi hilo. Chakula hicho ni mshahara wake wa halali, ila mshahara usioandikwa huonekana mwisho wa mwezi kana kwamba ni wizi, na wizi hutafutiwa mwizi.

Kuhusu madeni sitakaa sana, kwa kuwa kila mwenye duka anajua kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Daftari la madeni lilikuwapo, lakini ndani yake kulikuwa na majina na kiasi bila tarehe, na baadhi ya majina yalikuwa ya watu waliokwisha kuhama mtaa. Mkopo ndio uliohitaji mazungumzo marefu. Mama huyu alikuwa amekopa kwa mmoja wa wakopeshaji wa mitaani, ile mikopo inayoitwa kausha damu, ili alipie mahitaji ya shule ya mtoto, na marejesho yalikuwa yakitoka katika droo ya mauzo kila siku. Katika mikopo ya namna hiyo kuna dhuluma ya kweli. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, lakini wapo wanaokopesha bila leseni na kutoza mara kadhaa ya kiwango hicho. Mkopeshaji wa aina hiyo anastahili lawama, na ikiwezekana anastahili kuripotiwa. Hata hivyo uamuzi wa kulipia shule kwa fedha za sukari na mchele, pasipo kuandika mahali popote kwamba mtaji umepungua kwa kiasi hicho, haukufanywa na mkopeshaji.

Ipo namna nyingine ya kukwepa hesabu ambayo watu huichukulia kuwa ni unyenyekevu, nayo ni kujilaumu. Mtu husema, "Mimi sina mkono wa biashara," au husema kwamba nyota yake imefunikwa, kisha hutumia akiba iliyobaki kwenda kusafishwa nyota. Maneno hayo yanasikika kama ya mtu anayekubali kwamba kosa ni lake, lakini ukiyachunguza utaona kwamba hayataji kosa lolote. Mwenye kusema hana bahati hawezi kesho yake asubuhi kufanya jambo moja tofauti na alilofanya jana. Mwenye kusema kwamba anazidisha gramu 20 katika kila robo anaweza. Ninapozungumza juu ya kuwajibika, simaanishi mtu ajilaani na kujiaibisha mbele ya wateja, bali ajue ni sehemu ipi ya hasara iliyopitia mikononi mwake, aipe kiasi chake, na kuirekebisha, hata kama sehemu nyingine zimesababishwa na watu wengine kweli.

Zipo sehemu zinazosababishwa na watu wengine kweli, nami ningemdhulumu mfanyabiashara kama ningesema kila hasara imetokana na yeye. Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliunguza jengo la Soko Kuu la Kariakoo jijini Dar es Salaam, na wafanyabiashara walioamka asubuhi wakakuta mali zao zimeteketea hawakuwa wamezembea katika jambo lolote la dukani. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao wakilalamikia mwenendo wa kikosi kazi cha kodi, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Walikuwa na hoja, na walimtolea hoja hiyo mtu mwenye mamlaka ya kuijibu. Kulalamika kwa namna hiyo ni haki ya raia na ni sehemu ya uwajibikaji wenyewe, kwa sababu mlalamikaji hajui tu kwamba ameumia. Anajua ameumizwa na utaratibu upi na anataka urekebishwe vipi.

Ila hata malalamiko ya haki hudhoofika yakikosa daftari. Mfanyabiashara aliyeunguliwa na duka lenye bima ataombwa na kampuni ya bima athibitishe alikuwa na mzigo gani, na asipokuwa na orodha, haki yake hubaki mdomoni. Kodi ya makadirio nayo, ambayo huwahusu wafanyabiashara binafsi ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, imewatenganisha wenye kumbukumbu na wasio nazo katika ngazi zake za chini. Kwa viwango tulivyovizoea katika miaka ya karibuni, mwenye mauzo yanayozidi milioni 4 na yasiyozidi milioni 7 hulipa shilingi 100,000 akiwa hana kumbukumbu, na akiwa nazo hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya milioni 5 aliyeandika hulipa shilingi 30,000, na jirani yake mwenye mauzo hayo hayo asiyeandika hulipa 100,000. Nimewasikia wengi wakilalamika kwamba wamekadiriwa kupita kiasi, na baadhi yao wamekadiriwa kupita kiasi kweli, lakini afisa anapouliza mauzo ya mwaka na kujibiwa kwa kukisia, yeye naye hukisia.

Lawama isiyo na hesabu haiishii katika kupoteza fedha. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa Mwanza na Shinyanga, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, na ishara iliyotumika dhidi yao mara nyingi ilikuwa macho mekundu, macho ambayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi walizopikia maisha yao yote. Januari 2015 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wapiga ramli, wakati nchi ikiwa katika majonzi ya mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, ambao viungo vyao vilitafutwa na watu walioahidiwa utajiri. Ramli chonganishi, kama tulivyozoea kuiita, huanza kwa mtu aliyepata hasara asiyoielewa na kwenda kwa mtu anayelipwa ili ataje jina. Hakuna anayemlipa mpiga ramli ili aambiwe kwamba vifuko vyake vya robo vimezidi uzito. Sisemi kwamba kila anayelalamikia chuma ulete yuko katika njia ya kumwaga damu. Wengi ni watu wema waliochoka. Ninasema kwamba hatua ya kwanza ni ile ile, na mtu mwema anapaswa kuiogopa.

Katika maduka yetu, anayeumizwa na hatua hiyo mara nyingi kuliko wote ni kijana wa dukani. Huletwa kutoka kijijini akiwa ndugu, hulala dukani kati ya magunia, hupewa ujira mdogo ambao mara nyingine hutunzwa na mwenye duka "ili asiuchezee," kisha hukabidhiwa funguo bila mzigo kuhesabiwa. Miezi michache baadaye mtaji unapoonekana umepungua, huitwa na kuambiwa aseme alikozipeleka fedha. Hana namna ya kujitetea. Hawezi kuonyesha kwamba alipokea mzigo wa kiasi fulani na kuuza kiasi fulani, kwa kuwa hakuna aliyehesabu siku ya kwanza. Wapo vijana wanaoiba, nami nimeona hesabu zikiwafichua, bidhaa kwa bidhaa na tarehe kwa tarehe, pasipo haja ya kumpiga mtu wala kumtisha. Lakini daftari linaloweza kumfichua mwizi ndilo hilo hilo linaloweza kumtetea asiyeiba, na mwenye duka anayekataa kuliandika amemnyima mtoto wa mwenzake utetezi huo. Kwa hiyo ninawasihi wote ninaofanya nao kazi wahesabu mzigo pamoja na kijana siku ya kumkabidhi duka, wote wawili watie saini, na warudie kila wiki kwa bidhaa zinazotoka kwa wingi, yaani sukari, mchele, unga, mafuta na vocha, hata kama hawana muda wa kuhesabu duka zima.

Mama wa Kihonda alikuwa amemrudisha kwao Singida mtoto wa mdogo wake kabla sijamfahamu. Kikao kilifanyika sebuleni mbele ya ndugu, kijana akasema, "Mama mkubwa, sijachukua kitu," na hakuaminiwa. Mshahara wake wa miezi mitatu ulizuiwa kuwa fidia ya upotevu. Alipoondoka sukari iliendelea kupungua vile vile, na jambo hilo, ambalo lingepaswa kumsafisha, liligeuzwa kuwa ushahidi mwingine dhidi yake, kwamba ameacha kitu dukani. Nilipolisikia hilo niliumia kuliko nilivyoumia kwa mtaji uliopotea, kwa sababu niliona kwamba tuhuma ikishakosa kipimo hakuna tukio linaloweza kuizima.

Tulipofunga hesabu za mwezi wa kwanza alioandika kila kitu, yaani vipimo, vya nyumbani, madeni na marejesho, karibu hasara yote ilipata maelezo yake. Kilibaki kiasi kidogo ambacho hatukujua kilikokwenda. Nilimshauri akiandike kwenye mstari wake, "hakijulikani," bila kuweka jina la mtu pembeni, naye akakubali baada ya kufikiri kwa muda. Kisha, bila mimi kumwambia, alisema kwamba kijana alituhumiwa mbele ya ndugu na kwa hiyo haitoshi kumpigia simu ya faragha. Aliwaita wale wale waliokuwapo, akampigia mdogo wake simu mbele yao, akasema kwamba alimsingizia mtoto na kwamba mshahara aliouzuia ni deni lake. Mdogo wake alikuwa na hasira na alisema maneno makali, na mama aliyasikiliza yote. Analilipa deni hilo kidogo kidogo kwa simu, kwa kuwa hana uwezo wa kulilipa kwa mkupuo. Kijana aliombwa arudi dukani akakataa, akasema anataka kuendelea na kazi ya kuchomelea aliyoanza kujifunza huko huko Singida, na mama mkubwa wake hakumsihi mara ya pili.